Sentensi ya Mama Wanne

Wanawake wa kliniki walimwita Mama Wanne, ingawa mwenyewe hakuwa hata na mmoja. Jina lilitokana na sentensi yake. Alikuwa muuguzi, na baada ya miaka mingi ya kuchoma sindano wodini aliingizwa kwenye timu ya utafiti iliyochunguza jinsi wazazi wenye mtoto wa sikoseli wanavyoamua kuzaa tena au kuacha. Kabla ya kumhoji mtu ilibidi kwanza amweleze ugonjwa unavyorithiwa. Maelezo yaliyotoka juu yalikuwa marefu na makavu, yamejaa uwezekano na asilimia, na akina mama waliyasikiliza huku wakipiga miayo. Ndipo yeye akayakata, akabakiza maneno machache: "Baba na mama mkiwa wote mmeubeba ugonjwa huu katika damu, basi katika kila watoto wanne, mmoja ataumwa."

"Hicho ndicho Kiswahili!" alisema bosi wake, daktari aliyeongoza utafiti. Sentensi ikapelekwa vituo vyote. Mama Wanne alivimba kichwa kidogo, na nani asingevimba?

Chumba cha mahojiano kilikuwa zamani stoo ya magodoro. Feni ilikuwepo, lakini ilizimwa kila mahojiano yalipoanza kwa sababu mlio wake uliingia kwenye kinasa sauti, kwa hiyo watu walieleza siri za vitanda vyao huku jasho likiwatoka. Humo ndimo alimoingia fundi cherehani mmoja asubuhi ile, tumbo likimtangulia, uso umejaa kicheko.

Mama Wanne alimkumbuka vizuri. Mara ya mwisho alikaa kiti kile kile akilia, binti yake amelazwa wodini, macho ya njano, mifupa inamuuma mpaka hataki kuguswa. Siku ile fundi aliapa kwamba tumbo lake amelitia kufuli na ufunguo ameutupa chooni. Mumewe naye aliapa hivyo hivyo.

"Hongera," Mama Wanne alisema, akawasha kinasa. "Hebu nieleze, mliamuaje?"

"Wala hatukuamua, dada. Tulihesabu." Fundi alijipangusa shingo kwa upande wa khanga. "Si mlitufundisha wenyewe? Katika wanne, mmoja ataumwa. Wetu ndiye huyu binti. Basi mzigo tumeshautua, waliobaki watatu ni wazima. Mume wangu ndiye aliyekuwa mbishi, hataki hata kusikia. Nikamwambia, bwana wee, Mama Wanne ni muuguzi, atudanganye ili apate nini?"

Mama Wanne alitaka kumkatiza. Lakini watu wa utafiti wana sheria yao: mtafiti anasikiliza, hasahihishi, maana ukisahihisha umeharibu jibu. Kwa hiyo alikaa akiitikia kwa kichwa kama alivyofundishwa, huku fundi akimhadithia nguo ndogo alizokwisha kushona na jina alilolichagua. Kuitikia kule alikuja kukuchukia kuliko kitu kingine chochote alichofanya siku ile. Mwishowe alizima kinasa, akavuta kiti karibu.

"Mama, nisamehe. Nilisema vibaya. Haihesabiwi hivyo. Kila mimba inaanza upya. Huyu wa tumboni yuko kwenye hatari ile ile aliyokuwa nayo dada yake. Dada yake hajamlipia."

Kicheko kilimtoka fundi usoni. "Kwa hiyo wote wanne wanaweza kuumwa?"

"Wanaweza."

"Na wote wanne wakawa wazima?"

"Inawezekana pia."

"Sasa hiyo wanne yenu ni ya kazi gani?"

Mama Wanne alilitazama lile tumbo. Kipimo cha mtoto aliye tumboni hakikuwepo hapo, na hata kingekuwepo, mimba ilikuwa mwezi wa nane.

"Mume wangu nimemvuta mimi," fundi alisema, akiinuka kwa kushika meza. "Kwa maneno yako. Na leo umeniambia haya ili iweje? Ungeniacha nizae na furaha yangu."

Bosi alipopewa habari, macho yalimng'aa. Alisema ni tokeo zuri sana, linafaa makala peke yake.

"Daktari, wangapi wameshika mimba kwa sentensi yangu?"

"Tusiwatie watu hofu. Tutairekebisha awamu ijayo."

"Mimba hazisubiri awamu," alijibu, akatoka bila kuaga.

Kuanzia hapo kila asubuhi alisimama mbele ya benchi la akina mama na mfuko wa vizibo vya soda, vyeupe vitatu na chekundu kimoja. Mmoja anachota, anaonyesha, kizibo kinarudishwa mfukoni, kisha mwenzake ndipo achote. Mara nyingine chekundu kilitoka mara mbili mfululizo na benchi zima likaguna. Ilikuwa kazi ngumu. Neno likitoka halirudi, na lake lilikuwa limeshafika majumbani, kwa wakwe na mawifi. Lakini taratibu wakaanza kumwelewa. Mmoja alilia. Mwingine alimwambia kwa sauti ya chini kwamba yeye na mumewe wameahirisha kwanza kuzaa. Usiku huo Mama Wanne alilala usingizi.

Fundi alijifungua mtoto wa kiume. Damu ilichukuliwa kisiginoni, ikapelekwa maabara, na muda wote huo Mama Wanne alimwombea yule mtoto kama wa kwake. Majibu yalipotoka hakumtuma mtu. Alikimbia nayo mwenyewe mpaka kwenye benchi, machozi yakimtoka.

"Mzima, mama. Mzima kabisa."

Fundi alipiga kigelegele mpaka wauguzi wakachungulia madirishani. Alimnyanyua mtoto juu, benchi zima wakamwona, mnene, mashavu yamejaa.

"Ulininyima usingizi bure!" alimwambia Mama Wanne akicheka, wala hakuwa na kinyongo. Kisha akamgeukia mwanamke aliyekaa kando yake, ambaye mtoto wake mwembamba alikuwa amesinzia begani, plasta ya dripu bado mkononi. "Umeona, mwenzangu? Vizibo ni mchezo. Ile hesabu yake ya kwanza ndiyo yenyewe. Wako mgonjwa ameshatoka, zaa tu. Mimi bado nina wawili."

"Hapana," alisema Mama Wanne. "Mama, hapana, sikiliza..."

Yule mwanamke hakumtazama. Alikuwa ameshanyoosha mkono, anaomba ampakate mtoto wa fundi.