Tik Tatu za Upande wa Kulia

Kitendawili! Watoto wangu wanne wanapigwa mchana kutwa, hawalii. Siku wakilia, mgonjwa ni mimi.

Mama Keki angekujibu hata usingizini: shokomzoba za gari, zinazomeza kila pigo la barabara. Maana siku shokomzoba za gari lao zilipoanza kulia, alifungua buti mbele ya ukumbi wa harusi akakuta keki ya ghorofa tatu imelala chali, maua yote yamepondeka. Akashika kinywa. Bibi harusi, aliyetoka mbio na shela lake kuja kuitazama, naye akashika kinywa.

"Gari ni moja," alimwambia mumewe jioni ile. "Wiki nzima linabeba keki zangu, Jumapili linabeba wazimu wako. Ikianguka keki nyingine, mmoja wetu anaacha kazi yake. Na si mimi."

Mumewe, ambaye kwenye uwanja wa mbio za magari wanamwita Kona, alijikuna kisogo. Kuacha mbio? Afadhali angeambiwa aache kula.

Kesho yake wakaongozana kwa fundi. Fundi akawapangia mezani shokomzoba za aina tatu.

"Hizi ngumu ni za uwanjani tu, shemeji. Ukipita nazo kwenye tuta, meno yanasalimiana. Hizi laini, keki italala usingizi wa mtoto, ila bwana naye atalala pale kwenye kona, gari juu yake." Akagusa kifundo kidogo kichwani mwa zile za tatu. "Hizi sasa zimefunga ndoa. Unakaza kwa mbio, unalegeza kwa keki."

"Hizo hizo!" wakasema kwa pamoja, jambo ambalo halikuwa limetokea nyumbani kwao kwa muda mrefu.

Fundi alipomaliza kuzifunga, akawaita. "Sikilizeni. Kila ukizungusha kifundo, kinalia tik. Kwa mbio, kwanza..."

Hapo simu ya Mama Keki ikaita. Mteja wa keki ya kuzaliwa, hasubirishwi huyo. Akatoka nje. Aliporudi, fundi anamalizia: "...kisha tik tatu. Hiyo ndiyo ya uwanjani." Akaitikia kwa kichwa, kama mwanafunzi aliyechelewa ambaye hataki kuulizwa swali.

Jumapili wakafika uwanjani, watu wameshaanza kujipanga. Kona akashika shokomzoba za kushoto, mkewe za kulia, mbele na nyuma.

"Ngapi huko?"

"Tatu!"

"Na mimi tatu. Mke wangu fundi kabisa!"

Kona ya kwanza ilikuwa ya kulia. Gari lilipita limetulia kama limeshikwa mkono. Mama Keki akapiga makofi. Kona ya pili ikawa ya kushoto. Gari likainamia upande wa kulia kama mlevi anayetafuta ukuta, likazunguka, likazunguka tena, likatoka njiani kinyumenyume na kujibamiza kwenye rundo la matairi.

Vumbi. Kisha kimya.

Mama Keki akakimbilia gari. Hakujua alifikaje. Kona alikuwa ameketi, mikono bado kwenye usukani, macho yamemtoka pima.

"Baba watoto, u mzima?"

"Sijui. Niangalie wewe."

Akampapasa shingo, mabega, mbavu, kama anavyopapasa unga kutafuta madonge. Mzima.

Kona akashuka, akainua boneti, akakaza kifundo cha kushoto. Tik, tik, tik. Kikagota. Akahamia cha kulia. Tik, tik, tik, tik, tik... kikaendelea tu, bila kugota.

"Mke wangu. Wewe ulianzia wapi?"

"Nililegeza mpaka mwisho, ndipo nikakaza tatu."

"Lo! Mimi nilikaza mpaka mwisho, ndipo nikalegeza tatu. Si ndivyo alivyosema fundi?"

"Nilikuwa nje. Kwenye simu." Akautazama mkono wake kana kwamba ameuokota njiani. "Miaka yote naogopa mwendo wako. Kumbe wa kuogopwa ni mimi! Ningekuua, mume wangu. Ningekuua huku napiga makofi!"

Kona akaketi juu ya tairi, akamvuta naye aketi. "Nilikuuliza ngapi. Sikukuuliza kutoka wapi."

Kisha Mama Keki akasimama. "Hakuna tena upande wako na upande wangu. Wewe zungusha zote, mimi nasimama kichwani kwako nahesabu kwa sauti, watu wacheke wakitaka."

Wakazilegeza zote nne namna hiyo, wakafunga bampa kwa kamba, wakashika njia ya nyumbani polepole. Kwenye tuta gari likapanda na kushuka kimya.

"Umesikia?" Kona akasema. "Hata hazijalia."

"Ziache," mkewe akajibu, akijifuta macho. "Nimeshalia mimi kwa niaba yao."