Waimbaji Arobaini, Wote Wapo

Kila Alhamisi saa tisa alasiri Ambakisye alipanga vitabu vya nyimbo juu ya mabenchi ya kwaya, vitabu arobaini. Ishirini na vitatu vilikuwa vya waimbaji ambao wangekuja kwa miguu yao. Kumi na saba vilikuwa vya watu wenye asili ya jimbo la Kasai, ambao tangu katikati ya Machi walikuwa wakilala stesheni wakingoja treni, na ambao sauti zao zilikuwa zimebaki kanisani. Hivyo kumi na saba ilimbidi avifungue mwenyewe kwenye ukurasa unaotakiwa. Wiki ya kwanza alisahau, na sauti za watu wa Kasai ziliimba wimbo wa mavuno wakati wenzao wakiimba wa Pasaka. Tata Nkulu, mwalimu wa kwaya, alimkanya kwa upole, kama anavyokanywa mpishi aliyesahau chumvi.

Ambakisye alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Kanisa lao la Tukuyu, huko Tanzania, lilimtuma Kolwezi, Kongo, kwa miaka miwili ya utumishi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye alipewa ufagio siku ileile aliyoshuka. Alifagia kanisa, alijaza mapipa siku bomba lilipokumbuka kutoa maji, na alifundisha katekisimu watoto waliocheka Kiswahili chake wakidai anaongea kama redio. Pia aliandika daftari la mahudhurio ya kwaya, kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri.

Mahudhurio hayo yaliimbwa. Tata Nkulu aliimba jina, na mwenye jina aliitika peke yake, kwa sauti yake: "Niko hapa." Ambakisye alitia alama. Majina ya watu wa Kasai nayo yaliimbwa, na kutoka kwenye mabenchi matupu sauti kumi na saba ziliitika, moja baada ya nyingine, bila kuchelewa. Kwa kweli hazikuchelewa hata mara moja, tofauti na baadhi ya wenye miguu.

Kwaya hiyo ilikuwa na desturi nyingine. Hakuna aliyeondoka bila kuagwa. Anayehama alisimama mbele ya kanisa siku ya Jumapili, Tata Nkulu akamshika mkono na kumwambia aende na sauti yake, na watu wote wakaitika amina. Waliohamia Likasi waliagwa. Hata mmoja aliyehamia dhehebu jingine aliagwa, ingawa kwa shingo upande. Lakini watu wa Kasai waliondoka siku ya Jumanne, wamepewa saa moja ya kuondoka na vijana waliokuwa wakigonga milango kwa marungu, wakitaka kila mtu wa Kasai arudi jimboni kwake. Hawakuagwa, na sauti zao zikabaki mahali pake.

Jumatano na Jumamosi Ambakisye alipeleka unga wa uji stesheni. Huko alimkuta Mama Ntumba, aliyeongoza sauti ya pili kwa miaka kumi na mmoja, amekaa juu ya sanduku la bati na binti yake Tshiela mapajani. Tshiela alikuwa na miaka minne na surua. Katika wiki moja watoto sita walizikwa ng'ambo ya reli, wote kwa surua.

Kila Jumamosi saa nane mchana karani alisimama juu ya kreti na kusoma majina ya watakaopanda treni ya siku hiyo. Kila mtu mzima alipaswa kujibu kwa sauti yake mwenyewe, maana kuna watu waliojibia wengine kisha wakauza nafasi. Jumamosi tatu mfululizo karani aliita Ntumba. Jumamosi tatu Mama Ntumba alifungua mdomo, na hakikutoka kitu.

"Mama, mi nakuona," karani alimwambia. "Lakini siandikake macho. Naandikaka sauti."

Akaliita jina la chini yake. Wenzake kumi na sita wa kwaya nao walibaki vilevile, midomo wazi.

Mama Ntumba aliokota kipande cha kaa la moto lililozimika, akaandika juu ya mfuniko wa sanduku: HABAKUTUAGA.

Jioni hiyo Ambakisye alikwenda kwa Tata Nkulu. Alimkuta kwa mdogo wake, katika nyumba yenye mlango wa bluu, wakila bukari, ugali wa kule. Ambakisye aliujua mlango ule. Aliwahi kula nyuma yake mara nyingi, chakula cha Mama Ntumba.

"Tata, waage," alisema. "Jumapili moja tu. Hata wakiwa hawapo."

Tata Nkulu alinawa mikono kwanza.

"Mwana wangu, sikia. Kama unaaga mutu, unakubali kama alienda. Kama alienda, batauliza: ni nani alimufukuza? Hapa hakuna mutu alifukuza mutu. Bale balisafiri tu. Batarudia."

"Na nyumba hii?"

"Tunabachungia."

Mdogo wake aliendelea kula. Ambakisye aliona aibu, kwa sababu alikuwa mgeni na harufu ya chakula ilikuwa nzuri na alikuwa na njaa. Alipokaribishwa, alikula.

Ijumaa iliyofuata orodha ya kesho yake ilibandikwa kwenye dirisha la tiketi. Watu wa kwaya walikuwa wamejiandikisha siku moja, hivyo majina yao yalifuatana, tangu la kwanza: Mbuyi, Tshimanga, Ngoyi, Ntumba, mpaka wa kumi na saba. Ambakisye aliyanakili. Usiku hakulala vizuri. Asubuhi aliandika upya daftari la kwaya, watu wa Kasai juu kabisa, kwa mfuatano uleule wa stesheni, akampelekea Tata Nkulu na kumwomba mazoezi ya ziada, saa nane kamili.

Tata Nkulu alivaa miwani. Alisoma ukurasa mzima, kidole chake kikiteremka polepole.

"Majina ulibadilisha."

"Ndiyo, Tata."

"Kule ku gare ya treni, karani anasomaka mbio ao polepole?"

"Polepole. Anasoma jina, anangoja kidogo."

Tata Nkulu alifunga daftari.

"Fungula madirisha yote," alisema. "Na mulango. Lakini kuaga, apana."

Saa nane Ambakisye alikuwa stesheni, na kanisani, mwendo mfupi kutoka hapo, Tata Nkulu alikuwa ameshika daftari. Karani alipanda kreti yake.

"Mbuyi!"

Kutoka upande wa kanisa, juu ya mabati na waya za umeme usiokuwepo, ikaja sauti nene ya mwanamume: "Niko hapa." Karani aliinua kichwa, akamtazama Mbuyi aliyekuwa amefungua mdomo mbele yake, akaandika.

"Tshimanga!"

"Niko hapa."

Baada ya Ngoyi: "Ntumba!"

"Niko hapa," sauti ya pili ikaitika, safi, ikivuta kidogo mwishoni kama desturi yake. Mama Ntumba alifumba mdomo. Machozi yalimtoka, akampandisha Tshiela mgongoni na kushika sanduku.

Wote kumi na saba walipanda. Gari lilipoanza kwenda, Mama Ntumba alisimama kwenye mlango wa behewa, akamwambia Ambakisye jambo refu. Ambakisye aliitazama midomo yake mpaka kwenye kona ya reli. Hakuambulia neno hata moja.

Pasaka mchungaji wa wilaya alikuja, akaisifu kwaya, akasema katika mji wenye shida nyingi kama huu ni neema kuona watu wamekaa pamoja. Aliomba taarifa ya maandishi. Tata Nkulu alitamka, na Ambakisye, kwa mwandiko wake mzuri, aliandika: Waimbaji arobaini. Waliopo, arobaini. Waliohama, hakuna. Hakusita hata kidogo, na hilo lilimsumbua kuliko yote.

Alhamisi alipanga vitabu, akavifungua vile kumi na saba. Mdogo wa Tata Nkulu, ambaye alikuwa amejiunga na kwaya wiki hiyo, alitafuta pa kukaa. Benchi la sauti ya pili lilionekana lina nafasi, akakaa hapo.

"Ntumba," Tata Nkulu aliimba.

"Niko hapa," sauti iliitika, sentimita chache kutoka sikio la mdogo wake.

Mtu yule alisogea kidogo kuipisha, kwa adabu. Ambakisye akatia alama.