Saa Nane za Kwenye Boksi

Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa kuwaumbua waongo. Alikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo, mwanamke mwembamba mwenye begi la mawe ya kupimia, na akiingia sokoni tu, wauza nyama walikumbuka ghafla kwamba wana mgonjwa nyumbani. Watu walimwita Mkaguzi, na alipostaafu, jina halikustaafu naye.

Kisha figo zikagoma. Daktari akamwambia atasafishwa damu mara tatu kwa wiki, kila mara saa nne mfululizo, ameketi kwenye kiti cha kuegemea, sindano mbili mkono wa kushoto. Mkaguzi hakulia. Aliuliza swali moja tu.

"Saa nne kamili, au saa nne za hospitali?"

"Kamili, mama."

"Tutaona."

Zilikuwa kamili, na mashine ile akaiheshimu tangu siku ya kwanza. Kilichomshinda ni jirani. Kiti cha pili alikaa fundi bomba mmoja mnene ambaye alikuwa ameamua kumsimulia, kimoja kimoja, vyoo vyote alivyowahi kuzibua. Kitabu hakishikiki vizuri kwa mkono mmoja, na kujifanya umelala saa nne nzima ni kazi kuliko kazi.

Hapo ndipo mkwe wake alipojitokeza. Mume huyu wa binti yake alikuwa msimamizi wa duka la vifaa vya umeme, mwanamume wa tai nyembamba na manukato mengi, aliyeongea kama karatasi ya matangazo iliyopewa mdomo. Alikuja nyumbani kashika boksi kwa mikono miwili kana kwamba anapeleka posa upya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umebeba nini?"

"Kidude cha gemu, mama, cha kushika mkononi. Unagusa kioo kwa kidole kimoja, basi. Na betri yake sasa! Saa nane! Utasafishwa mara mbili kabla hakijaomba chaji."

Mkaguzi alikigeuza chini juu, namna alivyokuwa akigeuza jiwe la kilo kutafuta tundu. Saa nane, boksi lilisema, kwa tarakimu kubwa kama za namba ya nyumba. Kibaya chajitembeza, aliwaza, lakini binti yake alikuwa akimtazama kwa macho ya kuomba, kwa hiyo akashukuru.

Gemu lenyewe lilikuwa la treni. Zinaingia stesheni zikiwa sita kwa mpigo, nawe unazibadilishia njia zisigongane. Hakutarajia kulipenda, na akalipenda. Siku hiyo ya kwanza kitini hakusikia habari za choo hata kimoja. Alikuwa amefika ngazi ya nne, treni ya mizigo inakaribia daraja, mara kioo kikawa cheusi tii.

Akatazama saa ya ukutani. Saa mbili na dakika sita tangu aanze.

"Nesi, nichomekee chaja hapo."

"Hizo soketi ni za mashine tu, mama. Nikikuchomekea, kesho hunikuti kazini."

"Ee, ndio nilikuwa nakwambia," fundi bomba akadakia, "kile cha shule ya wasichana sasa..."

Mkaguzi hakuwa mtu wa kuhukumu kwa pimo moja. Alipima mara ya pili: saa mbili na dakika tisa. Mara ya tatu: saa mbili na dakika nne. Kila mara alikuwa amekichaji mpaka mia, na kila mara aliandika nyuma ya kadi yake ya kliniki.

Jumapili akaenda kula kwa binti yake, kadi mkononi. Mkwe aliisoma, akatabasamu lile tabasamu la dukani.

"Tatizo si betri, mama. Ni matumizi. Punguza mwanga wa kioo."

"Nikipunguza sioni."

"Zima sauti."

"Nimeizima zamani."

"Zima intaneti."

"Na nikikizima chenyewe? Kitadumu wiki?"

"Mama, jamani," binti yake akasema, akisukuma sahani mbele.

"Kwenye boksi wameandika 'hadi' saa nane," mkwe akafafanua. "Hadi. Ni kipimo cha maabara."

"Hilo 'hadi' nalijua," Mkaguzi akasema. "Nilimkamata nalo muuza nyama mmoja. Kilo yake ilikuwa hadi kilo. Nikamwambia na mimi nitamwachia hadi mzani wake wote, kisha nikaubeba."

Mkwe akacheka, akidhani ni mzaha. Kosa kubwa.

Jumanne, siku isiyo ya hospitali, duka lilipofunguliwa Mkaguzi alikuwa mlangoni, kavaa gauni lake la kazi la zamani na saa ya mkononi. Aliomba kiti, akaletewa. Akakiweka chini kabisa ya bango lililoning'inia katikati ya duka: msichana wa kwenye picha anacheka peke yake, na juu ya kichwa chake SAA NANE.

"Nitolee kipya, kijae mia," akamwambia mkwe wake. "Na ukipange wewe mwenyewe. Mwanga, sauti, intaneti, unavyotaka. Usije ukasema nimekionea."

"Mama, hapa ni kazini."

"Mimi pia niko kazini."

Angefanyaje? Huwezi kumsukuma mama mkwe nje mbele ya wateja. Akakichaji, akapunguza mwanga mpaka kioo kikawa kama maji ya kuoshea masufuria, akamkabidhi. Mkaguzi akatangaza saa kwa sauti, akaanza.

Treni ziligongana tangu dakika ya kwanza, maana alikuwa anazielekeza kwa kubahatisha. Mama mmoja aliyekuja kununua pasi alisimama kutazama, akasahau pasi. Wanafunzi wawili wa chuo wakaja, kisha dereva wa teksi, kisha mke wa dereva akimtafuta mumewe.

"Unaona kitu hapo, bibi?" mwanafunzi mmoja akauliza.

"Sioni. Ndiyo siri ya hizo saa nane, mwanangu. Unacheza usichokiona, husikii, na bora usikiguse."

Duka zima likacheka. Mkwe alijifanya anapanga feni, zile zile, upande ule ule.

Betri ilizima baada ya saa tatu na dakika ishirini na moja. Mkaguzi akaisoma saa yake mara mbili, akamwonyesha mama wa pasi naye aisome, kisha akamwita mkwe wake.

"Nikuulize, baba. Umewahi kukicheza hiki kidude? Wewe mwenyewe?"

Mkwe akapangusa paji la uso. Jasho lilikuwa limeshinda manukato.

"Sijawahi, mama."

"Hata kimoja?"

"Imeandikwa kwenye boksi. Sisi tunasoma."

Mkaguzi alimtazama kwa dharau ambayo hakuwahi kumpa mwizi yeyote wa sokoni. Muuza nyama mwenye jiwe lililotobolewa angalau alijua kilo ni nini. Alipima kwanza, ndipo akapunja. Huyu alikuwa ameurudia uongo wa mtu asiyemjua, kwa furaha, hadi nyumbani kwa mgonjwa.

Mwenye duka akashuka ghorofani kuuliza watu wamejaa nini. Wote wakamgeukia mkwe, na Mkaguzi akangoja kusikia atamsingizia uzee au figo.

"Huyu ni mama mkwe wangu," mkwe akasema polepole. "Bango letu linadanganya. Amepima."

"Bango limeletwa na kampuni," mwenye duka akasema.

"Na macho yenu nayo yameletwa na kampuni?" akajibu Mkaguzi.

Mkwe akavuta stuli, akapanda na viatu vyake vinavyong'aa, akalishusha. Lilimkunjikia usoni akayumba, na hakuna aliyemshika isipokuwa mama wa pasi.

Wiki iliyofuata alifika hospitalini bila tai. Alileta betri ya akiba, ile ya kuunganisha kwa waya mfupi, na nesi akaikubali kwa kuwa haikuhitaji soketi.

"Boksi lake linasema itaongeza saa sita," akasema.

"Na wewe unasemaje?"

"Nimecheza jana mchana kutwa, mwanga juu. Imeongeza saa moja na dakika arobaini."

Akampa karatasi. Alikuwa amepima vidude vyote vya gemu vilivyokuwa dukani, saba, kila kimoja na namba ya boksi na namba ya kweli, na mstari wa mwisho ile betri ya akiba. Mkaguzi akavaa miwani, akaipitia mstari kwa mstari.

"Hii arobaini ni arobaini kweli?"

Mkwe akakohoa. "Thelathini na nane, mama."

"Basi andika thelathini na nane," akasema Mkaguzi, akamnyooshea kalamu.