Kisigino Kilichoshonwa

Jumapili katika nyumba ile haikuwa siku ya kupumzika, na atakayekwambia vinginevyo hakuwahi kulala hapo. Kabla jua halijapanda vizuri, sare za shule zilikuwa kwenye kamba, maharage yamekwisha chambuliwa na kulowekwa, na Mama Watoto ameshika pasi akinyoosha nguo za kazini mbiombio, maana umeme wa mtaa ule ulikuwa na tabia ya kuondoka bila kuaga. Kibogoyo, mtoto wa mwisho, aliyebandikwa jina hilo tangu meno yake ya mbele yalipomtoka, alipewa kazi ya kutafuta soksi zilizopotezana. "Jumatatu isitukute na suruali mkononi," baba yao alipenda kusema, na kila aliposema hivyo alicheka peke yake.

Baba huyo alikuwa fundi wa lifti, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Kazini alisifika kwa masikio yake. Alisimama tu chini ya jengo, akaisikiliza lifti ikishuka, akajua ni wapi panapouma. Nyumbani alijichukulia kazi moja, viatu, na hapo hakutaka msaidizi wala mshauri.

Alivipanga barazani juu ya gazeti kuukuu: vyake kwanza, halafu vya mkewe, halafu vya binti yake mkubwa, na mwisho vile vidogo vya Kibogoyo. Alivifuta vumbi kwa kitambaa kibichi, akavipaka kiwi kwa kidole, akaviacha vinywe, ndipo akashika brashi na kuanza kupiga mluzi. Msimcheke. Utotoni alikwenda shule na viatu vilivyoachama mbele, vidole vikichungulia nje, na wenzake walimsimanga mpaka akahamia dawati la nyuma ili aifiche miguu yake. Alipopata watoto aliapa kwamba wake hawatamficha mtu miguu.

Binti mkubwa walimwita Swala, kwa sababu ya mbio zake. Shuleni hapakuwa na msichana wa kumshika, na Fundi alilitangaza jambo hilo hata kwa watu ambao hawakuuliza.

Balaa lilianza na kisigino. Jumapili moja Fundi alikuta viatu vya Swala vimekanyagwa nyuma, visigino vimelala chini.

"We mtoto! Umegeuza viatu kandambili?"

Swala, aliyekuwa mlangoni na beseni la nguo, alisema neno kwa sauti ya chini, lakini baba yake alikuwa amekwisha panda jukwaani. Alihutubia juu ya ngozi, juu ya heshima, juu ya watu wanaokutazama miguu kabla hawajakutazama uso. Alipomaliza alivinyoosha visigino kwa gumba lake na kuendelea na mluzi.

Jumapili iliyofuata visigino vilikuwa vimelala tena. Safari hii Fundi hakuhutubia. Alikata vipande viwili vya mkanda wake wa zamani, akachukua shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, na uzi uliopakwa nta, akavishindilia kwa ndani mpaka nyuma ya kila kiatu pakawa pagumu kama ubao. "Haya, kanyaga sasa, tuone nani mshindi," akasema. Kichwa kilimvimba, akamwita jirani yake kinyozi aje ashuhudie. Kinyozi alivigeuza viatu, akavigonga kwa kucha, akasema, "Fundi, hivi watarithi wajukuu." Watu wazima wakacheka. Swala naye akacheka, akavichukua viatu vyake, akaingia ndani.

Tangu hapo visigino vilisimama wima, na Fundi alihesabu huo ni ushindi. Lakini Swala akaanza kutoka nyumbani mapema kuliko wenzake na kufika shule pamoja nao. Akasema mbio zimemchosha, akajitoa timuni. Nyumbani akawa anavaa kandambili za mama yake, na mama akawa kila siku anauliza zimekwenda wapi. Fundi aliona hayo yote kwa macho yake, akayafanyia mzaha. "Mtazameni Swala wangu, siku hizi kobe. Au ndiyo mwendo wa bibi harusi?" Kibogoyo alicheka mpaka akakohoa.

"Baba Watoto, mtoto huyu ana jambo," mkewe alimwambia jikoni.

"Ana uvivu," akajibu, na neno hilo lilikuja kumrudia baadaye mara nyingi kuliko alivyotaka.

Basi ikafika Jumapili ninayoisimulia. Viatu vilikuwa juu ya gazeti, Swala alikuwa ndani akikunja sare, na zile kandambili za mama alikuwa ameziacha mlangoni. Kibogoyo, aliyechoshwa na soksi, alijibunia mchezo. Alichukua kiatu cha dada yake akakisimamisha juu ya kandambili.

"Baba, ona! Kiatu cha Dada kimepanda juu na nafasi imebaki."

"Acha kuchezea viatu," Fundi akaanza, kisha akatazama. Akakichukua kiatu, akakiweka unyayo kwa unyayo na ile kandambili. Kandambili, ambayo Swala aliijaza barabara kwa unyayo wake, ilikipita kwa pingili nzima ya kidole gumba. Akaingiza mkono ndani ya kiatu, mbali, kule ambako brashi haikuwahi kufika. Kitambaa cha ndani kilikuwa kimetoboka, na palipotoboka pamekauka kitu kigumu. Alikikwaruza kwa ukucha, akautoa na kuunusa. Haikuwa kiwi.

"Swala! Njoo hapa."

Swala alitoka, akasimama nyuma ya kiti.

"Nionyeshe miguu."

"Haina kitu, Baba."

"Nionyeshe, mama."

Aliutoa mguu mmoja polepole. Kidole gumba hakikuwa na ukucha. Viwili vilivyofuata vilikuwa vimejikunja, na hata sasa vilipokuwa huru havikujua tena kunyooka. Nyuma kulikuwa na kidonda, pale pale palipogusana na ule mkanda.

"Mbona hukusema?" Sauti ilimtoka kwa ukali, ingawa hakukusudia.

Swala alitazama sakafu. "Nilisema, Baba."

"Lini?"

"Siku ile ya kwanza. Nilikwambia vinanibana."

Fundi alilitafuta neno hilo kichwani, akalikuta. Alilisikia siku ile, akalipita kama mtu anavyompita mwombaji. "Na nilipovishona? Mbona hukurudia?"

"Ulimwita kinyozi aje kuviona," akasema Swala. "Ulikuwa umefurahi sana."

Masikio yale yaliyosifiwa mjini yalikuwa na pamba barazani kwake mwenyewe. Alichukua wembe na kuanza kuutoa ule mkanda. Kwa nini, hakujua, kwani mtoto hangevivaa tena. Alitaka tu mikono ifanye kitu. Uzi haukukubali. Alikuwa ameshona kwa nia ya kudumu, na ilimbidi akate mshono mmoja mmoja, huku machozi yakimzuia kuona anapokata.

Mama Watoto alitokea mlangoni na pasi mkononi. Aliutazama mguu, akamtazama mumewe, akarudi ndani, akaja na beseni la maji ya vuguvugu yenye chumvi. Laiti angemgombeza, Fundi angepata nafuu.

"Nisamehe, mwanangu."

"Si kitu, Baba," akajibu Swala, kwa adabu, kama tunavyomjibu mtu aliyetukanyaga njiani.

Jumatatu ile iliyoandaliwa kwa bidii ilimkuta Fundi kwenye benchi la zahanati. Muuguzi alisema kidonda kitapona na ukucha utaota, lakini vile vidole viwili vimekwisha shika umbo, na kuhusu mbio asingependa kuwapa matumaini. Akamuuliza Swala kwa nini alivumilia viatu vya namna ile. Swala alimtazama baba yake.

"Mimi ndiye niliyevishona," akasema Fundi. Hakuona haki kumwachia mtoto jibu hilo.

Kidonda kilipokauka alinunua viatu vipya, vipana mbele, laini nyuma. Jumapili hiyo sare zilikuwa kwenye kamba na maharage majini kama kawaida, ila barazani hapakuwa na mluzi. Fundi aliviweka vile vipya mwanzo kabisa wa mstari, kabla ya vyake. Akamwita binti yake, akamkalisha kitini, naye akachuchumaa mbele yake.

"Vaa, mama. Safari hii nakusikiliza. Niambie ukweli, hata kama vinabana kidogo tu."

Swala aliingiza mguu wa kulia.

"Havibani, Baba," akasema haraka, akitabasamu. "Viko sawa kabisa."

Mguu wa kushoto ulikuwa bado uko chini, peku.