Bei ya Upande wa Kushoto

Mwalimu Ladu aliijua bei ya gari lile katika nchi saba kabla hajaliona kwa macho yake. Alikuwa amezipanga bei hizo katika daftari, kwa mistari aliyoipiga kwa rula: nchi, bei kwa shilingi za Uganda, kilomita kwa chaji moja, urefu, uzito. Kule China linakotengenezwa, gari hilo dogo la umeme, lenye milango miwili na viti vinne vya kubana magoti, liliuzwa kwa milioni kumi na sita. Kule Ulaya, pacha wake aliyebadilishwa taa na jina alipita milioni sabini. Nairobi ilikuwa katikati. Kampala ilidai milioni hamsini na nane, na muuzaji wake hakutaka hata kusikia habari ya kupunguza bei.

Jioni nyingi alikaa mezani, nyumbani kwao Mvara, mjini Arua, akizitazama namba hizo kama mtu aliyefika mtoni akakuta daraja limechukuliwa na maji.

"Chuma ni kile kile," alimwambia mkewe. "Betri ni ile ile. Hata matairi ni yale yale. Linavuka bahari tu, na kumbe linakuwa kitu kingine."

"Hata sisi tulivuka mto tu," Susana akajibu, bila kuinua macho. Alikuwa akiikanda nyonga yake kwa kitambaa cha maji ya moto.

Nyonga hiyo ndiyo iliyoleta habari ya gari. Kwa miaka tisa, tangu walipokimbia vita kutoka Yei, ng'ambo ya mpaka, Susana alikuwa mkunga katika kituo cha afya huko Dadamu, na kila siku alikwenda na kurudi kwa bodaboda katika njia ya mashimo. Sasa daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba akipanda pikipiki msimu mmoja zaidi, atatembea kwa mkongojo maisha yake yote. Mkuu wa kituo, mtu mwema aliyechoka kama wao, alimpa hadi mwisho wa mwezi: apate njia nyingine ya kufika kazini, au nafasi yake apewe mwingine. Zilibaki siku tano. Akiba yao yote ilikuwa milioni ishirini na saba, na wala haikuwa na matumaini ya kukua.

Ndipo Hajji Abiriga wa Koboko alipopiga simu. Hajji alikuwa mwana wa askari wa zamani, mfanyabiashara wa mabati, pikipiki na chochote kinachoweza kuvuka mpaka. Ladu alikuwa amemfundisha mwanawe hesabu.

"Mwalimu, ile kagari yako ya umeme iko," alisema. "Mupya kabisa. Mutu wa Juba aliagiza, akashindwa kuchukua. Milioni ishirini na sita, na hapo mimi nakula hasara."

Akatuma picha sita. Ladu alizichunguza kama anavyosahihisha mtihani: matairi, vioo, viti, tundu la kuchajia, na namba za chasisi moja moja. Umeme, kwa bahati, sasa ulikuwa ukiingia Arua kwa saa nyingi kuliko zamani. Alimpa Susana simu, naye akazitazama picha hizo kwa muda mrefu sana. Hakuna kati yao aliyeona kasoro.

Jumamosi asubuhi Ladu akashika njia ya Koboko, suruali imepigwa pasi, daftari limo mkobani.

Gari lilisimama uani kati ya marundo ya mabati, jeupe, fupi, kama kabati lililofungwa magurudumu. Jalia, binti wa Hajji, aliyekuwa akimshughulikia baba yake makaratasi yote ya forodha, alikuwa amekaa juu ya sanduku akila karanga.

"Habari ya Arua, Mwalimu?" Hajji aliuliza.

"Nzuri, Hajji. Watu wa hapa?"

"Wako. Ingia, ingia. Gari haionwi kwa nje kama ng'ombe."

Ladu akafungua mlango, akaketi. Mikono yake ikaushika usukani kabla hajaiambia. Ilikuwa miaka tisa tangu aliposhika usukani mara ya mwisho, na bado mgongo wake ulijua pa kuegemea na bega lake lilijua umbali wa dirisha. Alipobonyeza kitufe cha kuwasha, gari halikutoa mngurumo wowote. Sauti ya mwanamke tu ikasema jambo kwa Kichina, ikalirudia, ikalirudia tena.

"Anasema ufunge mkanda," Jalia alisema.

"Kumbe unajua Kichina?"

"Najua wanawake, Mwalimu. Neno likirudiwa mara tatu, maana yake hujatii."

Ladu alifunga mkanda, akalizungusha gari ua mzima, polepole, akapita baina ya mabati na ukuta pasipo kugusa kitu. Kwa muda wa mzunguko ule mmoja, uchovu ulimtoka. Alimwona Susana akishuka mbele ya kituo cha Dadamu, viatu vyake vyeupe havina vumbi. Aliposimamisha gari na kushuka, alitoa daftari lake.

"Namba za usajili za Uganda zitachukua siku ngapi? Mimi nina siku nne."

Jalia akaacha kutafuna. "Namba za Uganda?"

"Ndiyo. Mke wangu anafanya kazi Dadamu."

"Baba, hukumwambia?"

"Kumwambia nini?" Hajji akashangaa kweli kweli. "Huyu si mutu wa Yei? Mimi nilijua anapeleka kwao!"

Jalia alishuka kwenye sanduku, akajikung'uta maganda ya karanga. "Mwalimu, simama hapa nyuma ya gari. Usukani uko mkono gani?"

Ladu akaonyesha kushoto.

"Na yale magari yote mliyopishana nayo leo barabarani?"

Ladu akageuka kuitazama barabara. Alikuwa amejifunza kuendesha huko Yei, katika lori la misheni, mahali ambapo magari hushika upande wa kulia na usukani hukaa kushoto. Tangu avuke mpaka hakuwahi kuendesha kitu. Alitembea kwa miguu, au alibebwa nyuma ya bodaboda, na nyuma ya bodaboda hakuna kulia wala kushoto. Katika picha zile sita usukani ulikuwa mahali ambapo maisha yake yote usukani umekuwa. Ndiyo maana katika daftari lake, pamoja na safu zake zote, hapakuwa na safu ya jambo hilo.

"La mkono huu halipewi namba hapa kirahisi," Jalia alisema, sasa kwa upole. "Mtu kama wewe atazunguka ofisi mpaka soli za viatu ziishe."

"Na kuuhamisha usukani?"

"Nyaya zote ziko upande huo. Umtafute fundi anayezielewa, uagize vipuri vya mkono wa kulia, ulipie ukaguzi. Andika."

Akamtajia makadirio, moja baada ya jingine, naye akaandika kwa mwandiko wake mnyoofu na kujumlisha mara mbili. Jumla, pamoja na bei ya gari lenyewe, ilikuwa milioni hamsini na saba. Ilipungua moja tu kufikia bei ya Kampala. Kumbe bei ile haikuwa imeshuka popote. Ilikuwa imekaa kimya upande wa kushoto, ikimngoja.

Hajji alikuna ndevu. "Chukua tu, Mwalimu. Napunguza moja. Weka nyumbani, funika vizuri. Amani ikikaa sawa kwenu, unavuka nayo hapo mpakani. Hakuna mutu atauliza mkono."

"Na huko atachaji wapi, Baba?"

"Ala!" Hajji akageuka kulitazama gari kana kwamba limemtukana. "Hapa umeme iko, barabara inakataa. Kule barabara inakubali, umeme hakuna. Sasa hii kitu ilitengenezewa nani?"

"Mchina," Jalia akasema.

Wakacheka wote watatu. Kicheko cha Ladu ndicho kilichotangulia kuisha. Kila Januari, kwa miaka tisa, alikuwa amesikia kwamba huu ndio mwaka wa kurudi. Alikuwa pia amesoma kwamba betri isiyotumika hufa taratibu, bila mtu kuona.

"Nakushukuru, Hajji," alisema. "Lakini siwezi kununua safari nisiyoijua siku yake."

Hajji hakumshurutisha. Alimsindikiza hadi barabarani, akasimama naye juani mpaka gari la abiria lilipotokea.

Alasiri ile Susana alikuwa uani, sare yake ya kazi imefuliwa na kuanikwa. Alimwona mumewe akija kwa miguu.

"Limekataa?"

"Usukani wake uko upande wa kwetu."

Alielewa mara moja. Aligeuza uso kuitazama sare ile. "Na mimi niliziangalia picha zile," alisema. "Nilijiona nimekaa kulia kwako."

Baadaye Susana akamwambia mumewe alete karatasi, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri na mkuu alihitaji barua kabla ya Jumatano. Ladu akaandika anwani, tarehe na kichwa cha habari, akakipigia mstari. Kisha akasoma kwa sauti alichokuwa akikiandika: "Ninaacha kazi kwa hiari yangu..."

"Kata hapo."

"Ndivyo barua hizi zinavyoandikwa, Susana."

"Kata. Sijawahi kumwacha mzazi hata mmoja Dadamu kwa hiari yangu, na kazi yenyewe siiachi hivyo."

"Niandike nini basi?"

"Andika kwamba nyonga imeshindwa na njia. Na kwamba siku wakipata namna ya kunifikisha, waniite. Hata mwakani."

Ladu, ambaye hakuwahi kupeleka mahali popote ukurasa wenye mkato, alinyoosha mkono achukue karatasi safi. Susana akauzuia.

"Acha mkato uonekane," alisema. "Wausome na huo."

Ladu akaukata mstari ule kwa rula, akaandika alivyoambiwa, neno kwa neno, kisha akamsogezea kalamu.