Alama ya Patasi

Karakana nzima ilimwita Kipimo, kwa sababu alipima mara tatu kabla ya kukata. Walimtania kwamba hata chai huipima kwa rula kabla ya kuinywa. Asubuhi hiyo hakupima chochote. Alikuwa amepiga magoti ndani ya boti ya marehemu shemeji yake, mtaimbo mkononi, aking'oa sakafu iliyooza ubao baada ya ubao. Sehemu ya nyuma, pale ilipokaa injini, mbao zilimeguka kama mkate uliolowa. Chini yake kulikuwa na mataruma mawili, yaani mbavu za boti, yameoza mpaka kidole kikazama. Na juu ya kila moja palikuwa na msalaba uliochongwa kwa patasi.

Alama ile ilikuwa yake. Mafundi wengine huchora kwa chaki, lakini Kipimo mti uliooza huuchonga msalaba, maana yake huu utoke. Miaka sita nyuma alichonga misalaba sita katika boti hii hii. Mataruma manne akayatoa. Haya mawili yalitaka injini inyanyuliwe kwanza, kazi ya watu wanne na siku mbili, na yeye alikuwa na boti nyingine inamngoja. Akapigilia mbao mpya juu yake, akapaka rangi, akasema, "Yametoka yote, shemeji." Shemeji hakuinama hata kuchungulia. Utamchunguzaje ndugu wa mkeo?

Mwaka jana boti ilifumuka upande wa nyuma katikati ya safari. Wakafa abiria watano na shemeji mwenyewe. Boti ilipovutwa nchi kavu hakuna aliyefungua sakafu kutazama; watu walishakata kauli kwamba alijaza abiria kupita kiasi, na jina lake likawa tusi. Aliyemtetea alikuwa mtu mmoja tu, mkewe, dada yake Kipimo. Matangani alisimama mbele ya mama wa msichana aliyezama, akasema mume wake hakuwahi kuzidisha abiria wala kuipuuza boti. Yule mama akamtemea mate usoni. Dada akajifuta, akarudia maneno yaleyale.

Sasa dada huyo alikuwa anaingia getini na chupa ya chai. Kipimo, mtu mzima na heshima zake, mikono yake ikatangulia akili. Patasi mara mbili hapa, mara mbili pale, na misalaba ikawa vumbi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Umefika wapi?" Akapanda ngazi, akachungulia. "Mbona hayo yameoza? Si uliyatoa? Marehemu aliniambia yametoka yote sita. Alirudi nyumbani anacheka, eti boti imekuwa mpya."

Neno moja tu la kweli lilitosha. Kipimo alilitafuta, na Mungu anajua alilipata, lakini woga ulimshinda.

"Nilitoa manne," akasema. "Haya mawili nilimwambia yatoke. Akasema yangoje."

"Alisema hivyo? Kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake, dada."

Dada akaketi ukingoni mwa boti. Hakulia. Akayatazama yale mataruma, na Kipimo akajitia kupanga misumari iliyokuwa imepangika tayari.

"Basi alinidanganya," dada akasema. "Nimebishana na mji mzima, mimi peke yangu, kumbe wenzangu wanasema kweli. Nimemtetea aliyeua watoto wa watu."

"Dada..."

"Usimtetee na wewe. Kunywa chai, isipoe."

Akammiminia kikombe, akakiweka kando ya sanduku la vifaa kama alivyozoea. Kisha akashuka, akasimama ubavuni mwa boti, pale mumewe alipokuwa amejiandikia jina lake la utani kwa rangi nyekundu.

"Ukimaliza sakafu, likwangue na hili jina. Au hapana. Likwangue sasa hivi, nione."

Kipimo akashuka na patasi. Rangi ilikuwa ngumu, na herufi zilikuwa tisa. Dada alisimama nyuma yake mpaka ya mwisho ilipotoka, kisha akajitanda mtandio wake, akaenda kumtafuta yule mama amwombe radhi.