Udongo Uliopikwa

Wanaume wa reli pale Nakuru walijua mambo mengi, na Joash Wamalwa, aliyekuwa muosha boila za magarimoshi, alijua kuwashinda wote, kwa maoni yake mwenyewe. Mwaka ule wa 1956 jambo moja tu lilikuwa limemtoa kijasho, nalo ni Akeyo.

Akeyo aliishi na kaka yake nyumba iliyopakana na ya Joash katika landi, yale makazi ya wafanyakazi wa reli, akilima vitunguu uani. Joash alimpenda hata usingizi ukamruka. Alikwisha kumtuma kaka huyo apeleke maneno ya posa. Lakini kila alipokutana na Akeyo uso kwa uso, ulimi ulimponza.

"Hii shamba yako iko na uchafu mingi, dada Akeyo. Majani imeoza, minyoo, mpaka uyoga."

Akeyo aliendelea kupalilia. "Basi lima yako. Siku utaniletea kitunguu umepanda mwenyewe, ile maneno ulituma kaka yangu tutaongea."

Joash akaiona harusi hii hapa. Aliuchota udongo wa kitalu chake, akaupeleka kazini debe baada ya debe, akaupika kwa mvuke wa boila hadi hapakubaki mdudu wala gugu hai. Wenzake walimuuliza kama umeiva, au waongeze chumvi. Aliwaonea huruma kwa ujinga wao, akaurudisha kitaluni na kupanda.

Vitunguu viliota, kisha vikagoma. Alivimwagilia asubuhi na jioni, akavibembeleza, navyo vikabaki vyembamba kama uzi wa kushonea. Ng'ambo ya ua, katika ule uchafu, vya Akeyo vilizidi kunenepa. Joash aliumia moyo, maana miche ile ndiyo iliyobeba jibu lake.

Siku Akeyo alipokwenda sokoni, Joash alimwita bwana shamba, Kipkemei, aliyewahi kufanya kazi kwenye vitalu vya msitu kule Mau. Kipkemei aling'oa mche mmoja, akasikiliza habari ya mvuke, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Umepika mpaka wasaidizi, bwana. Kwa udongo kuna kuvu, ndugu ya uyoga, nyembamba kushinda nywele. Inashikana na mizizi, inaenda mbali kutafutia mmea chakula, na mmea inailipa na sukari. Huko Mau miti ya paini ilikataa kumea mpaka tukaleta udongo ya msitu ya paini ya zamani. Hata vitunguu iko na kuvu yake."

"Sasa nifanye nini?"

"Omba udongo kwa mtu vitunguu yake imekubali." Akatupa macho ng'ambo ya ua, akaenda zake akiendelea kucheka.

Joash alikaa kizingitini muda mrefu. Kuomba uchafu aliokuwa ameutukana! Afadhali aoshe boila zote za reli kwa mswaki. Lakini Akeyo aliporudi, Joash alichukua karai, akaenda akasimama mbele yake kama mtoto aliyevunja chungu.

"Dada Akeyo, yangu imenishinda. Naomba udongo kidogo. Ile... ile yenye uyoga."

Akeyo alimtazama kutoka viatu mpaka kofia. Kisha akachimba chini ya vitunguu vyake bora, akajaza karai pamoja na vipande vya mizizi, akalibeba mwenyewe hadi kwenye kitalu cha Joash. Alipiga magoti akauchanganya udongo ule na ule uliopikwa, kwa mikono yake.

"Hii itachukua miezi," Joash alisema kwa unyonge. "Na mimi nitangoja jibu miezi yote hiyo?"

"Vitunguu niko nayo, Joash. Ya nini uniletee ingine?" Akeyo alijipangusa mikono. "Nilitaka kujua kama huyu mtu wa kujua kila kitu anaweza kuomba."

Joash akavua kofia, na safari hii hakumtuma mtu.

"Basi naomba," alisema.